Daftari la Mwaloni na Daftari la Dunia

Hotuba iliyotolewa mjini Kigoma katika Siku ya Kimataifa ya Kupunguza Hatari za Maafa, 13 Oktoba

Ndugu mgeni rasmi, ndugu wenyeviti na watendaji wa vijiji na mitaa, viongozi wetu wa dini, wazee wa Ujiji, makatibu wa mialo, wavuvi, mama zetu mnaoanika dagaa, walimu wenzangu na wanangu wanafunzi: asalaam aleikum, tumsifu Yesu Kristo, na kwa salamu ya nyumbani, mwakeye. Itifaki imezingatiwa.

Nianze na jambo ambalo kila aliyemo ukumbini humu anaweza kulithibitisha kwa miguu yake. Mtu akisimama pale Ujiji, penye mwembe na mnara wa kumbukumbu, mahali ambapo Livingstone na Stanley walikutana mwaka 1871, hayaoni maji karibu yake. Inambidi atembee ndipo ayafikie. Wageni hushangaa, kwa sababu habari za wakati ule zinaonyesha mji uliokaa ufukweni kabisa. Mahali hapakuhama. Ziwa letu la Tanganyika ndilo lililoondoka, na sababu mojawapo kubwa inajulikana. Mto Lukuga, unaotoka ziwani upande wa Kongo pale Kalemie, ulikuwa umezibwa kwa tope na majani, na maji yakawa yanapanda kwa kukosa pa kutokea. Mnamo mwaka 1878 kizuizi kile kilivunjika, maji yakakimbilia mto Lualaba, na katika muda wa miaka kumi na kitu usawa wa ziwa ukashuka kwa takribani mita 10. Ardhi iliyobaki nyuma ilikuwa tambarare, yenye rutuba, karibu na maji. Watu wakalima, wakajenga, wakazaa, na watoto wao wakaikuta ardhi ile kana kwamba imekuwapo tangu kuumbwa kwa dunia.

Mvua kubwa za mwaka 1961 na 1962 zilipokuja, ziwa likapanda tena hadi kufikia kilele mwaka 1964. Kisha likashuka, watu wakasahau. Baada ya mvua za mwishoni mwa mwaka 2019 likaanza kupanda kwa namna ambayo vijana wetu hawakuwa wameiona, na kufikia mwaka 2021, na tena mwaka 2024, sote tulishuhudia maji yakiingia katika nyumba na vibanda vya Katonga na Kibirizi, yakisumbua bandari yetu, na ng'ambo yakiwatoa watu majumbani mwao Bujumbura na Uvira. Umri wa mtu ni mfupi kuliko zamu ya ziwa. Mtu mmoja hawezi kukumbuka mwaka 1878, mwaka 1964 na mwaka 2021 kwa pamoja, lakini maandishi yanaweza, na hiyo ndiyo sababu nimeomba nafasi hii nizungumze nanyi kuhusu takwimu za maafa, ambazo najua kwa wengi wetu ni neno la ofisini.

Mwaka ule wa 2021, baada ya maji kupungua kidogo, nilikwenda na wanafunzi wangu wa jiografia kwenye nyumba moja karibu na ufuo. Mstari wa tope ulikuwa umepita ukutani sawa na swichi ya taa, na chini yake plasta ilikuwa imevimba na kudondoka kama maganda. Mwenye nyumba, mzee wa makamo ya baba yangu, alitutoa nje akatuonyesha mchikichi mmoja mkongwe, umesimama juu kidogo ya nyumba yake. Akasema, "Baba aliniambia maji ya wakati wa uhuru yalifika kwenye shina la mchikichi huu. Mimi nilidhani ni hadithi za wazee." Nyumba yake aliijenga chini ya mchikichi ule, upande wa ziwani. Alikuwa na taarifa sahihi kuliko mtaalamu yeyote, akaambiwa na mtu aliyeona kwa macho, lakini haikuwa imeandikwa mahali popote, wala hapakuwa na alama, wala ofisi iliyompimia kiwanja haikumwuliza habari hiyo. Sina nia ya kumlaumu mzee wala ofisi ile. Ninalosema ni kwamba habari iliyokuwa na thamani ya nyumba nzima ilibaki katika kumbukumbu ya mtu mmoja, na ilipohitajika ikaonekana kuwa ni ngano.

Sasa niwapeleke mbali kidogo. Nchini Ubelgiji, katika Chuo Kikuu cha Louvain, kuna kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1973 ambacho kazi yake ni kuchunguza athari za maafa kwa afya na maisha ya watu. Mwaka 1988, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na serikali ya Ubelgiji, kituo hicho kilifungua kanzidata iitwayo EM-DAT, ambayo hadi leo ndiyo daftari la maafa linalotumiwa zaidi duniani. Ndani yake yameorodheshwa maafa zaidi ya 26,000 tangu mwaka 1900: matetemeko, mafuriko, ukame, vimbunga, magonjwa ya mlipuko, na pia ajali kubwa za viwandani na za usafiri. Mtafiti, mwanafunzi au mwandishi wa habari anaweza kujiandikisha kwenye intaneti na kuisoma bila malipo, ilimradi si kwa biashara. Kanzidata hiyo inakusanya habari kutoka mashirika ya Umoja wa Mataifa, serikali, mashirika ya misaada, kampuni za bima na vyombo vya habari.

Tusome kidogo kilichomo. Katika miaka 20 kuanzia 1980 hadi 1999, daftari hilo lilihesabu maafa 4,212 yaliyotokana na nguvu za asili, na watu waliokufa walikuwa kama milioni 1.19. Katika miaka 20 iliyofuata, 2000 hadi 2019, maafa yaliyohesabiwa yalikuwa 7,348, na waliokufa milioni 1.23, huku walioathirika kwa namna moja au nyingine wakifikia bilioni 4.2. Sehemu ya ongezeko hilo inatokana na uandikaji kuwa bora zaidi, na watunzaji wenyewe wanaonya kwamba takwimu za kabla ya mwaka 2000 zisilinganishwe kirahisi na za baadaye. Hata hivyo ongezeko kubwa lilikuwa la mafuriko na dhoruba, yaani mambo ya maji na upepo, ambayo sisi watu wa ziwa hatuwezi kuyaita ya wengine. Jambo la pili nililoliona mimi ni hili: maafa yaliyoandikwa yameongezeka sana, lakini vifo havikuongezeka kwa kiasi hicho. Hapo katikati kuna watu walioonywa wakaondoka. Nitarudi kwao.

Yapo maafa ya nchi yetu ambayo hayakosi katika daftari kama hilo. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, maporomoko ya tope ya Hanang ya Desemba 2023, kuzama kwa MV Bukoba mwaka 1996, mafuriko ya mwaka 2024 ambayo Waziri Mkuu alilieleza Bunge mwezi Aprili kwamba yalikuwa yamekwisha kuua watu 155. Hayo dunia iliyasikia. Lakini ninyi mnajua, na mimi najua, kwamba kifo cha Kigoma mara nyingi hakiji namna hiyo.

Ili tukio liingie EM-DAT, lazima litimize angalau sharti moja kati ya haya: wafe watu 10 au zaidi, au waathirike watu 100 au zaidi, au serikali itangaze hali ya hatari, au iombwe misaada ya kimataifa. Nawaomba wavuvi wanisikilize vizuri hapa, kwa sababu jambo hili wao wanalielewa kuliko sisi walimu. Kila wavu una macho yake. Wavu wenye macho makubwa utakuletea kuhe na sangara, na utakuwa umefanya kazi iliyokusudiwa, ila dagaa wote watapita. Mtu asiyejua habari za nyavu akiangalia kilichovuliwa atasema ziwa hili halina dagaa. Ndivyo ilivyo kwa daftari la dunia. Watunzaji wake hawakukosea kuweka masharti, maana bila masharti hawangeweza kulinganisha nchi na nchi. Lakini anayelisoma bila kujua ukubwa wa macho yake atahitimisha kwamba mkoa wa Kigoma hauna maafa.

Chukueni radi. Uchunguzi wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliliweka Ziwa Maracaibo la Venezuela katika nafasi ya kwanza duniani kwa wingi wa radi, na nafasi ya pili ikaenda kwa Kabare, mashariki mwa Kongo, yaani ng'ambo ya huku kwetu. Mawingu yale hayaombi pasi ya kusafiria. Kila msimu wa mvua tunazika watu waliopigwa na radi: mama aliyekuwa shambani, watoto waliojikinga chini ya mti, mchungaji na mbuzi wake. Mmoja hapa, wawili kule. Hakuna hata tukio moja kati ya hayo linalofika 10, na kwa hiyo mwisho wa mwaka ukisoma daftari la dunia utakuta radi ya Kigoma haikuua mtu.

Chukueni na boti. Niliwahi kukaa na katibu wa mwalo mmoja akinionyesha daftari lake. Lilikuwa daftari la kawaida la shule, limechorwa mistari kwa rula: jina la boti, idadi ya ndoo za dagaa, ushuru, sahihi. Kurasa zake zilikuwa zimekakamaa kwa maji na magamba. Katikati ya ukurasa mmoja, katika nafasi ya ndoo, palikuwa na maneno mawili tu yaliyoandikwa kwa kalamu nyekundu: "Hawajarudi." Nilipomwuliza akaniambia ni vijana watatu waliotoka na taa zao usiku wa pepo za kusini, zile zinazovuma kiangazi kuanzia Mei hadi Septemba, na boti ikaonekana siku ya tatu imepinduka, bila watu. Nikamwuliza taarifa ile ilipelekwa wapi. Akasema alipeleka, lakini fomu aliyopewa ilikuwa ya mapato ya uvuvi, haikuwa na sehemu ya kuandika watu. Mwaka uliofuata daftari lilijaa, likafunguliwa jipya, na lile la zamani likatumika kufungia karanga. Ndugu zangu, nimelifikiria daftari lile kwa miaka mingi. Vijana watatu walikuwa wameandikwa na mtu mwaminifu, kwa mkono wake, siku ileile, na bado hawakuhesabiwa na yeyote.

Mtu asiseme kwamba haya ni ya Kigoma peke yake. Mwaka 2020 watafiti wawili walichapisha uchunguzi kuhusu mawimbi ya joto kali. Waliifungua EM-DAT wakakuta kwamba kwa Afrika yote iliyo kusini mwa Sahara, tangu mwaka 1900, yaliyoandikwa ni mawimbi mawili tu ya joto, yenye vifo 71. Kwa Ulaya, katika miaka 40 hivi, yalikuwa yameandikwa 83, yenye vifo zaidi ya 140,000. Hakuna mwenye akili timamu atakayeamini kwamba Ulaya ina joto kuliko Afrika. Tofauti ni kwamba kule mtu akifa kwa joto hospitali inaandika, idara ya takwimu inajumlisha, idara ya hali ya hewa inalinganisha tarehe, na mwishowe namba inapatikana. Huku kwetu bibi anafariki mchana wa jua kali tunasema siku zake zimefika. Ni vivyo hivyo kwa hasara ya mali. Namba nyingi za hasara hutokana na madai ya bima, na ni mwenye boti gani wa Kibirizi au mwenye mashine ya kukamua mawese wa Simbo aliyekata bima? Nyumba yake ikibomoka, hasara yake katika hesabu za dunia ni sifuri.

Wapo waliouona upungufu huu mapema. Mwaka 1994 wataalamu wa Amerika ya Kusini walianzisha utaratibu uitwao DesInventar, ambao hauangalii idadi ya waliokufa ili kuliandika tukio. Nyumba moja iliyoezuliwa inaandikwa. Daraja la kijiji lililosombwa linaandikwa. Tukio linawekwa chini ya wilaya au kata lilikotokea, wala si chini ya jina la nchi tu, na yakijumlishwa matukio hayo madogo kwa miaka kadhaa, hutokea ramani ambayo mara nyingi huwashtua viongozi, kwa sababu inaonyesha kata ileile ikipoteza kidogokidogo kila mwaka hadi umaskini wake unaeleweka. Leo utaratibu huo unasimamiwa na ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia upunguzaji wa hatari za maafa, na nchi yoyote inaweza kuutumia bila malipo. Huo ndio wavu wa dagaa. Tunahitaji nyavu zote mbili.

Mwongozo wa Sendai, ambao mataifa yaliupitisha nchini Japani tarehe 18 Machi 2015 uwaongoze hadi mwaka 2030, umeweka kuielewa hatari kuwa kipaumbele cha kwanza kati ya vinne. Unataka pia waathirika wahesabiwe kwa jinsia, umri na ulemavu. Nisimame kidogo kwenye neno hilo la ulemavu. Mafuriko yalipoingia mitaa ya chini, nani alitoka mwisho? Tukiandika "kaya 40" tu, hatutamwona mama asiyetembea aliyebebwa mgongoni na jirani, na mwakani tutapanga tena kituo cha kukimbilia juu ya kilima bila kufikiri atakavyopanda.

Kuna jambo jingine ambalo takwimu za kimataifa zinatupa na sisi wenyewe hatuwezi kulipata kwa daftari la mwaloni, na ni haki kulisema. Ziwa letu ni la nchi nne: Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Daftari la dunia huorodhesha maafa kwa nchi, lakini maji hayasomi ramani. Aprili 2020 mafuriko ya mito yaliua makumi ya watu Uvira, kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa hilihili. Hapa kwetu habari ile ilipita kama ya nchi ya mbali, ilhali mvua za msimu uleule ndizo zilizokuwa zikitujazia ziwa. Mwaka 2003 nchi hizi nne zilitia saini jijini Dar es Salaam mkataba wa kulisimamia ziwa, na mamlaka yake ina makao Bujumbura, kwa hiyo pa kukutania papo.

Na usawa wa ziwa? Tangu mwaka 1992, iliporushwa setilaiti ya pamoja ya Marekani na Ufaransa iitwayo TOPEX/Poseidon, na baadaye zilizoirithi, Ziwa Tanganyika linapimwa kutoka angani kila baada ya siku 10 hivi. Mawimbi ya rada yanashuka, yanagonga maji, yanarudi, na muda wa safari hiyo unageuzwa kuwa urefu. Vipimo hivyo viko wazi kwa kila mwenye simu na bando. Nimewaonyesha wanafunzi wangu mchoro wake: mstari unaopanda na kushuka kila mwaka kwa mvua na kiangazi, kama mtu anayepumua, kisha kuanzia mwishoni mwa 2019 pumzi ile inavutwa juu na hairudi chini ilikozoea. Mwanafunzi mmoja aliutazama akauliza, "Mwalimu, mbona haya yalikuwepo na sisi tulihamishwa usiku?" Swali lake ndilo lililonileta hapa leo.

Ziwa halipandi kama mto wa milimani. Maji yake mengi hutoka kwa kugeuka mvuke, na mto Lukuga hutoa sehemu ndogo tu, kwa hiyo likishajaa hukaa limejaa miezi mingi, na kujaa kwenyewe huchukua miezi mingi. Kati ya maafa yote hili ni lile linalotoa muda. Mwenye kuuona mstari ule mwezi Januari angeweza kuwaambia watu wa Katonga habari za Aprili. Lakini mstari ulikuwa kwenye tovuti, kwa lugha ya kigeni, kwa mita juu ya usawa wa bahari. Mvuvi hajui nyumba yake iko mita ngapi juu ya usawa wa bahari, na hana sababu ya kujua. Anajua jiwe lake la kufulia nyavu. Tungechora kwenye nguzo ya mwalo alama ya mwaka 1964 kwa ushahidi wa wazee, alama ya 2021, alama ya 2024, na alama ya leo ikabadilishwa kila wiki mbili, mtoto wa darasa la pili angeisoma. Kazi ya kuelimisha umma ni hiyo: kuichukua namba kutoka ilikozaliwa na kuitafsiri mpaka iwe jiwe, nguzo, ngazi ya tatu ya msikiti.

Niliahidi kurudi kwa walioonywa wakaondoka. Mwaka 1970 kimbunga kiliipiga pwani ya nchi ambayo leo ni Bangladesh na kuua watu wasiopungua 300,000. Mwaka 1991 kimbunga kingine kikaua karibu 140,000. Mwaka 2007 kilikuja kimbunga Sidr, nacho kilikuwa kikali sana. Waliokufa walikuwa zaidi ya 3,000. Hata mmoja ni mwingi, lakini itazameni safari hiyo ya namba. Bahari haikupungua ukali. Kilichobadilika ni kwamba baada ya mwaka 1970 waliunda kikosi cha watu wa kujitolea vijijini, ambao leo ni zaidi ya 70,000, wanawake kwa wanaume, wenye bendera, redio na vipaza sauti, ambao wakipokea tahadhari wanatembea nyumba kwa nyumba na kuwaongoza watu kwenye majengo imara yaliyojengwa kwa kazi hiyo. Tahadhari ilipewa miguu. Tume ya kimataifa iliyotoa ripoti yake mwaka 2019 ilikadiria kwamba kupata taarifa saa 24 kabla ya dhoruba kunaweza kupunguza hasara kwa asilimia 30. Umoja wa Mataifa nao ulitangaza mwaka 2022 lengo la kila mtu duniani kulindwa na mfumo wa tahadhari ya mapema ifikapo mwisho wa mwaka 2027.

Sisi hatuanzi bila kitu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa zake kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Niliwauliza watu 20 sokoni tofauti ya ngazi hizo. Sitawaaibisha kwa kuwaambia majibu, maana kosa si lao. Angalizo likitangazwa mvuvi afanye nini? Apunguze mwendo, asitoke mbali, avae boya? Na tahadhari kubwa ni ipi? Tukikaa na wavuvi wenyewe tukakubaliana kwamba ngazi hii boti hazitoki kabisa, na bendera ya rangi fulani itapandishwa mwaloni kabla ya saa kumi jioni, muda ambao karabai na taa za sola zinaanza kuandaliwa, taarifa ile itakuwa na miguu. Na isemwe kwa Kiswahili na kwa Kiha, kwa sauti ya mtu wanayemfahamu.

Mkoa huu umewahi kuona namba zikiokoa watu. Mei 2015, makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walijazana katika kijiji cha Kagunga, kilichobanwa kati ya milima na ziwa, wakisubiri kuletwa Kigoma kwa meli, na Liemba yetu ikawa miongoni mwa zilizowabeba. Kipindupindu kikaingia. Ndani ya majuma machache watu wapatao 30 walikufa na wagonjwa walikuwa kama 3,000. Wahudumu wa afya walihesabu wagonjwa wapya kila siku, na hesabu ile ndiyo iliyoonyesha mahali pa kupeleka maji safi na dawa, na ndiyo iliyoonyesha kwamba ugonjwa umeanza kurudi nyuma. Katika mazingira magumu kiasi kile, pasipo barabara, watu walihesabu. Basi hatuwezi kusema kwamba sisi wa mwaloni, wenye kalamu na meza, haiwezekani.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inazitambua kamati za maafa kutoka ngazi ya taifa hadi ya kijiji. Kamati ya kijiji chako ipo kisheria. Iulize ina daftari gani. Daftari ninalopendekeza halihitaji kompyuta. Liwe na tarehe na saa, mahali pajulikanapo kwa jina la wenyeji, kilichotokea, waliokufa, kuumia au kupotea kwa umri na jinsia na hali ya ulemavu, kilichoharibika, na jina la aliyeshuhudia. Majina ya watu yabaki kijijini kwa heshima ya familia. Ngazi za juu zipelekewe hesabu. Nakala iende kwa mtendaji wa kata kila mwisho wa mwezi, hata mwezi ambao hakuna kilichotokea, kwa sababu ukurasa ulioandikwa "hakuna" ni taarifa, na ukurasa usiokuwapo si taarifa. Na kila mwaka, mwezi huu wa Oktoba kabla mvua hazijashika, daftari lisomwe kwa sauti kwenye mkutano wa kijiji. Hapo mtu atasikia kwamba radi imepiga mara tatu kwenye kilima kimoja, na atajua pa kutochungia.

Naomba vijana waliosoma wafanye kazi ya upande wa pili: kuzisoma kanzidata za kimataifa, kuangalia mstari wa ziwa kila mwezi, na kuleta habari hizo huku chini. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika mkoa huu watu karibu milioni 2.5. Miongoni mwao hatukosi vijana 20 wa kuifanya kazi hiyo.

Pale mezani karibu na mlango kuna madaftari, moja kwa kila mwalo na kila kijiji kilichotuma mwakilishi. Walimu wenzangu wameyachora mistari jana usiku. Naomba makatibu na watendaji msiondoke bila kuchukua na kusaini. Lile la juu kabisa, lenye jalada la buluu, ni la katibu niliyewasimulia habari zake. Yuko hapa nasi, na amekubali. Kabla ya chakula tutakaa naye pamoja na wavuvi waliokuwapo msimu ule, tukumbushane usiku ule ulikuwa wa mwezi gani na upepo ulitokea wapi, na ukurasa wa kwanza tutawaandika wale vijana watatu.